Wenyeji wanakusubiri bandarini na meli inaondoka jioni: siku hiyo inapangwaje?

bint_mawimbi (mleta uzi)

Wakuu salaam. Meli ya utalii inafunga gati 08:00 na kuondoka 18:00 siku hiyohiyo. Mjini kuna marafiki, mke na mume, wamesema tusinunue ziara za meli, watatuzungusha wenyewe na gari lao. Sisi ni wanne: wakubwa wawili, mama anayetembelea fimbo na mtoto wa miaka minne. Bandari iko kama kilometa 80 kutoka mji wenyewe. Wenyeji wameshaorodhesha sehemu saba. Tukutane wapi, turudi saa ngapi, na kitu gani huwa kinaharibu siku za namna hii?

nanga_chini #2

Sehemu saba? Futa tano sasa hivi, halafu tuongee.

Mwenyeji anaujua mji, haijui meli. Yeye anasikia "08:00 hadi 18:00" anaona ana saa kumi mkononi. Hana. Kazi ya abiria ni kumpelekea hesabu ya meli mapema, na hesabu hiyo inaanzia mwisho wa siku kurudi nyuma:

18:00 ndiyo saa ya meli kung'oka. Mwisho wa abiria kuwa ndani kwa kawaida ni nusu saa kabla, safari nyingine saa nzima, na imeandikwa kwenye ratiba ya siku inayoletwa chumbani au kwenye programu ya simu ya meli. Tuseme 17:30. Kwa bandari ya kilometa 80, lenga kuwa kwenye geti la bandari 16:00. Hiyo saa moja na nusu ya akiba si uoga, ni pancha moja au ajali moja barabarani. Safari ya kurudi alasiri ihesabu dakika 90 hata kama asubuhi ni 60, kwa sababu unarudi wakati watu wanaanza kutoka kazini. Basi mnaondoka mjini 14:30.

Sasa upande wa asubuhi. Kufunga gati 08:00 si kushuka 08:00. Kamba zifungwe, ngazi iwekwe, maofisa wa uhamiaji na forodha wa nchi husika waikubali meli ndipo abiria waruhusiwe, na mara nyingi vikundi vilivyonunua ziara za meli hutangulizwa. Weka 08:45. Kutoka melini hadi geti, kwa basi la bandari na foleni, nusu saa: 09:15. Kuingia gari, mtoto kufungwa, salamu, barabara: mjini 10:30.

10:30 hadi 14:30. Saa kumi zimekuwa nne, na humo kuna chakula cha mchana.

fundi_ramani #3

Nakazia hapo kwenye umbali, maana matangazo ya safari huandika jina la mji maarufu wakati meli inafunga kwingine kabisa. "Roma" ni Civitavecchia, kilometa 80 hivi. "Paris" ni Le Havre, karibu 200. "London" ni Southampton, kama 130. "Berlin" ni Warnemünde, zaidi ya 200. "Athens" ndiyo afadhali, Piraeus iko kama kilometa 10 tu.

Venice nayo imebadilika. Tangu Agosti 2021 Italia imezuia meli za zaidi ya tani 25,000 kupita mfereji wa Giudecca, kwa hiyo meli kubwa zinaelekezwa Marghera au bandari nyingine kabisa kama Trieste na Ravenna. Rafiki wa Venice anayekusubiri uwanja wa San Marco, katikati ya mji, wakati wewe uko Ravenna, kuna barabara ya zaidi ya saa mbili kati yenu.

Kuna kosa la pili, dogo kuliko hilo lakini linatokea zaidi: mji mmoja, gati mbili. Sydney ina Circular Quay katikati ya mji na White Bay upande mwingine. Singapore ina Marina Bay na HarbourFront. Mpe mwenyeji jina la meli, tarehe, na jina la jengo la abiria. Mamlaka nyingi za bandari huweka ratiba ya meli mtandaoni, mwenyeji aitazame wiki ile, tena jioni ya kuamkia siku yenyewe, maana gati hubadilishwa.

Mama Kabini #4

Mleta uzi, watu wanne na wenyeji wawili ni sita. Gari la kawaida linabeba watano. Waulize LEO gari lina viti vingapi vyenye mikanda, wala usione aibu, maana wengi hukumbuka hili wakiwa wameshafungua milango. Mmoja wa wenyeji anaweza kuwatangulia mjini kwa treni.

Kiti cha mtoto: nchi nyingi sheria inakidai kwenye gari binafsi kwa mtoto wa umri huo, na meli haiazimishi. Wenyeji waazime kwa jirani, au ubebe ule mto wa kuinua mtoto, ila hakikisha kilo na kimo cha mtoto vinaruhusiwa kuutumia huko mwendako.

Mama wa fimbo: ngazi ya meli haiko palepale siku nzima. Maji yakijaa na kupwa meli inapanda na kushuka pembeni mwa gati, hivyo ngazi iliyokuwa karibu tambarare asubuhi inaweza kuwa mlima saa tisa alasiri, au mlango wenyewe ukahamishiwa sitaha nyingine. Mabaharia husaidia, lakini mama arudi akiwa bado ana nguvu. Kwa upande wa wenyeji, swali si "kuna nini kizuri" bali "gari linamshushia mama hatua ngapi kutoka mlangoni". Mitaa mingi ya kale ina mawe ya mviringo na hairuhusu magari.

kasia_moja #5

Hivi watu mnatishana tu. Meli haiwezi kuacha watu wanne wenye vyumba vyao. Wakichelewa dakika kumi na tano itasubiri.

nanga_chini #6

Kasia, hapo unampotosha mwenzio.

Meli husubiri basi la ziara iliyouza yenyewe, kwa sababu inajua liko wapi na lina watu wangapi. Anayetembea na marafiki ni jina moja jekundu kwenye kompyuta ya mlangoni. Saa ya kuondoka haipangwi na nahodha peke yake: kuna rubani wa bandari aliyeitwa kwa saa hiyo, kuna boti za kuvuta meli, kuna gati linalosubiriwa na meli nyingine, bandari nyingine kuna na maji ya kupwa. Nahodha anaweza kuvumilia dakika chache. Usiijengee ratiba hisani hiyo.

Ikitokea mmeachwa: kila meli ina wakala wake wa bandari, namba yake imo kwenye ratiba ya siku. Ipige picha kabla ya kushuka. Kampuni nyingi, zikiona abiria hajarudi, hufungua sefu ya chumba na kumwachia wakala pasipoti. Kuanzia hapo tiketi za kuifuata meli bandari inayofuata ni zako mwenyewe, hoteli pia, na kama bandari hiyo iko nchi nyingine unaweza kuhitaji viza usiyokuwa nayo. Hapo ndipo rafiki mwenyeji ana thamani kuliko ziara yoyote, lakini tusimtumie kwa hilo.

saa_mbovu #7

Wote mmesahau saa yenyewe.

Meli ina saa yake. Mara nyingi hulinganishwa na ya nchi kavu, lakini si lazima. Nahodha anaweza kuamua kubaki na saa ya bandari iliyopita kwa kituo cha siku moja. Simu yako ikishika mtandao wa nchi kavu inajibadilisha yenyewe bila kukuuliza.

Tuseme saa ya meli iko mbele ya nchi kavu kwa saa moja. Mwisho wa kuingia ni 17:30 ya meli. Saa ya ukutani kwa mwenyeji wakati huo inasoma 16:30. Mwenyeji akiambiwa "17:30" akaitazama saa yake, atawafikisha getini 17:15 akijisifu kwa kuwahi, na melini ni 18:15. Meli imeshatoka.

Mkiwa nyuma ya nchi kavu kosa linakuwa la heri, mnafika saa nzima mapema.

Dawa: zima mabadiliko ya saa ya moja kwa moja kwenye simu moja, au vaa saa ya mkononi iliyowekwa saa ya meli na usiiguse. Mwenyeji mpe saa iliyokwisha kubadilishwa kuwa ya kwake. Usimpe zote mbili, atachanganya.

Halafu sisi waswahili tuna la ziada. Usimwandikie mtu "tukutane saa 3". Mmoja anaelewa saa tatu asubuhi, mwingine aliyezoea kuhesabu kwa saa za kigeni anaelewa alasiri. Ratiba ya meli imeandikwa 09:00, nawe andika 09:00.

kijana_wa_geti #8

Mahali pa kukutana: USIMWAMBIE "nje ya meli". Gati ni eneo la ulinzi, gari binafsi haliingii na mtu asiye na kibali haingii. Bandari nyingi za mizigo haziruhusu hata abiria kutembea kwa miguu, lazima basi la bandari, kwa sababu kuna vinyanyua makontena na malori. Basi hilo hushusha getini au kwenye uwanja fulani mjini. Hapo ndipo pa kukutana.

Chagua kitu kisichohama: jengo la abiria, kituo cha treni, mnara. "Kwenye teksi" hapana, maana kutakuwa na teksi mia na watu wameshika mabango. Mwenyeji akutumie picha ya mahali penyewe na pini ya ramani, uihifadhi ikiwa bado una intaneti, na ramani ya mji uipakue kabisa isomeke bila mtandao. Wekeni na saa ya mwisho ya kusubiriana. Mfano: 09:15, msipoonekana hadi 10:15 mwenyeji aende zake, mtawasiliana baadaye.

Simu ikae hali ya ndege muda wote meli ikiwa baharini. Meli kubwa zina mnara wao wa simu unaotumia setilaiti, simu ikiushika unalipishwa viwango vya baharini ambavyo kifurushi cha kawaida cha nje ya nchi mara nyingi hakivigusi. Washa mtandao ukiwa umeshakanyaga gati.

fundi_ramani #9

Kuongezea kwa watakaosoma uzi huu baadaye, maana si kila meli inafunga gati. Nyingine inatia nanga nje na kushusha watu kwa boti ndogo. Hiyo hesabu ni nyingine kabisa.

Piga mwenyewe: boti nne, kila moja watu 100, kwenda na kurudi pamoja na kupakia na kushusha nusu saa. Ni watu 800 kwa saa. Abiria 3,000 wakitaka kushuka wote ni karibu saa nne. Namba za zamu hutolewa asubuhi ukumbini, mwenye ziara ya meli hupita mbele, wewe wa marafiki unangoja namba. Ama ushuke mapema sana, ama umwambie mwenyeji 11:00 bila kuona haya. Wakati wa kurudi, kinachohesabika ni saa ya boti ya mwisho kuondoka ufukweni, si saa ya meli, na foleni ya saa ile ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote.

Mfano wa jinsi mahali pa kukutana panavyobadilika: kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Boti zinakushusha bandari ya kale chini ya jabali, mji wa Fira uko juu. Hakuna barabara ya gari kufika pale chini. Unapanda kwa gari la kamba, au ngazi zinazokaribia 600, au punda. Mwenyeji mwenye gari awasubiri juu, kituo cha gari la kamba. Na jioni foleni ya kushuka hapo, siku zenye meli nne au tano, inaweza kula zaidi ya saa nzima. Mwenyeji mzuri atakuambia siku hiyo zinakuja meli ngapi.

Wimbi likikua boti hazishushwi, na upepo ukizidi hata gati halifungwi. Nahodha anaamua asubuhi ileile na meli inapita. Kwa hiyo wenyeji wasinunue tiketi zisizorudishwa fedha. Mwenye kiti cha magurudumu aulize kabla ya safari, meli nyingi haziruhusu kiti kizito cha umeme kwenye boti.

Karani wa Viza #10

Nyaraka. Kushuka unahitaji kadi ya meli na kitambulisho chenye picha, na nchi nyingine pasipoti halisi. Kuna safari ambazo meli huzikusanya pasipoti zote, basi beba nakala. Kadi ndiyo inayosomwa na mashine ukitoka na ukirudi, usimwachie mwenyeji kwenye gari.

Wenye pasipoti zinazodai viza ya Schengen (viza moja ya kundi la nchi za Ulaya) waangalie IDADI YA KUINGIA. Safari inayoanzia Barcelona, ikagusa Moroko au Uturuki, kisha ikarudi Ulaya, hiyo ni kuingia mara mbili. Viza ya kuingia mara moja inakufa njiani, na mara nyingi kampuni inakuzuia kupanda tangu siku ya kwanza. Uingereza na Ayalandi haziko Schengen. Kroatia imeingia tarehe 1 Januari 2023, hivyo maelezo ya zamani yanayoiweka nje yamepitwa. Kuwa na rafiki anayekualika hakubadilishi chochote hapo getini.

bint_mawimbi #11

Asanteni sana, kumbe nilikuwa gizani. Maswali mawili. Wenyeji wanataka tule kwao nyumbani na watupe vitu vya kubeba. Na je, wanaweza kupanda waione meli?

Mama Kabini #12

La mwisho kwanza: karibu kila mahali jibu ni hapana. Wageni wasio abiria hawapandi bila kuombewa wiki kadhaa kabla, na kampuni nyingi zimeacha kabisa. Piga nao picha nje ya geti.

Chakula cha nyumbani kinakula saa mbili nzima, usidanganywe na "tutakula haraka". Heshima haina haraka. Kama nyumba iko upande wa bandari, kuleni mwisho, baada ya matembezi: ikitokea mmechelewa mnakula kidogo na bandari iko jirani. Kama nyumba iko ng'ambo ya mji, mwambieni dada wa watu mapema, kwa upole, kwamba chakula hakitawezekana, kuliko amepika toka alfajiri halafu mle mmesimama.

Zawadi: kila kitu kinapita mashine ya ukaguzi. Chakula kilichopikwa, matunda, nyama na mimea kwa kawaida vinakataliwa kupanda. Vilivyofungwa kiwandani hupita. Pombe huchukuliwa na kutunzwa hadi mwisho wa safari. Visu vya jikoni, mishumaa na pasi havipiti. Upande wa pili, usiwapelekee tunda wala asali kutoka melini. Nchi nyingi zinakataza, na Australia na New Zealand faini ni ya papo kwa hapo, hata kwa tufaha moja lililosahaulika mkobani.

Na mafuta ya gari na maegesho lipeni nyie. Lisemwe asubuhi, siyo kwenye pampu.

fundi_ramani #13

Mpangilio wa kutembea: anza mbali, malizia karibu. Kila saa inayopita iwe inawasogeza kuelekea bandarini. Sehemu mbili, ya tatu iwe njiani ya kurudi na ndiyo ya kukatwa kwanza mkichelewa. Tazama na siku ya wiki, maana meli haikuchagulii. Makumbusho mengi ya Ulaya hufungwa Jumatatu, Louvre ya Paris ni Jumanne, na ya Vatikani hufungwa Jumapili isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi.

Treni nayo isidharauliwe. Kwa bandari za mbali mara nyingi inalishinda gari la rafiki, ila asubuhi ileile mjue treni mbili za kurudi: ile mnayoitaka na inayofuata. Kama hiyo inayofuata inawafikisha baada ya saa ya mwisho, basi mnayoitaka imechelewa tayari, chukueni ya kabla yake.

kasia_moja #14

Nimeelewa, nafuta kauli. Sasa, meli ikilala bandarini usiku, mtu anaweza kulala kwa marafiki?

nanga_chini #15

Ikilala usiku, ndiyo, arifu kaunta ya huduma ili wasikutafute, na ujue saa ya mwisho ya siku ya pili. Ila kushuka moja kwa moja na kuiacha safari katikati ni jambo la kuomba kibali mapema: jina lako limo kwenye orodha ya abiria iliyopelekwa uhamiaji, na nchi nyingine zina sheria za kubeba abiria kati ya bandari zake. Marekani ina ya tangu 1886 inayozuia meli za bendera ya kigeni kumpakia mtu bandari yao moja na kumshusha kabisa nyingine. Usiamke tu na begi.

bint_mawimbi #16

Nimewaandikia wenyeji hivi, naomba mniangalizie: 09:15 getini kwenye jengo la abiria, kusubiriana hadi 10:15. Mume anaendesha, mke anatangulia kwa treni. Sehemu mbili mjini, ya tatu njiani. Chakula kwao, nyumba iko kilometa 12 kabla ya bandari, tuwe mezani 14:00. Getini 16:00. Kiti cha mtoto kimepatikana.

nanga_chini #17

Mezani 14:00 kilometa 12 kabla ya bandari maana yake mjini mnatoka 12:45 hivi, siyo 14:30. Mmebaki na saa mbili na robo za mji. Ya tatu ifute. Hata ya pili iwe ya kupita na gari, mama asishuke mara mbili.

saa_mbovu #18

Na hizo 09:15 na 16:00 ulizowaandikia ni za meli au za kwao?

bint_mawimbi #19

Za meli. Subiri nirekebishe.